Mizani ya Chư Sê

Ukitaka kujua bei ilivyokwenda
usiniombe daftari, mchwa wamelionja.
Tembea barabara hii, toka sokoni mpaka shuleni,
utazame nyumba.

Ghorofa ya chini, vigae vyekundu, simba wawili wa saruji mlangoni:
huo ndio mwaka kilo moja ilipopita dong laki mbili,
na Quyền, fundi baiskeli, akanunua gari
kabla hajajua kuliendesha.
Ghorofa ya pili, madirisha bila vioo:
mwaka uliofuata.
Kisha ngazi. Vidato saba vya zege,
nondo zimechomoza kama ndevu za kambale,
na juu yake hakuna kitu.
Hapo ndipo pilipili manga ilipofia.

Mimi kazi yangu mizani. Miaka ishirini na miwili
napima, nashona mdomo wa gunia, naandika.
Simu hutoka bandarini, kijana mwenye sauti iliyopigwa pasi:
"Dada Nhiên, mwaka huu tani ngapi?
Zinapanda au zinashuka?"
Kana kwamba tani ni maji ya bomba.

Sijawahi kumweleza.
Tuling'oa kahawa tukapanda pilipili.
Tukasimika nguzo za saruji, safu kwa safu,
ukipita usiku ungedhani ni makaburi ya askari.
Tukamwaga mbolea mpaka udongo ukalewa.
Mvua ya mwezi wa tisa ikaja, ikakaa kama mdeni.
Jumatatu majani yana rangi ya ndizi mbivu,
Alhamisi yako chini.
Mizizi ukiivuta inakuja laini,
tambi zilizosahauliwa mchuzini.

Benki ilikuja kwa pikipiki.
Thoa alikwenda Bình Dương kushona viatu,
akamfunga mbwa wake kwenye mguu wa mizani yangu
bila kusema neno.
Bado yupo. Amezeeka, anapiga chafya magunia yakifunguliwa.

Na waliobakiwa na mimea?
Kilo moja ikawa sawa na kilo mbili za mchele.
Mchumaji alidai zaidi ya alichochuma.
Punje zikaivia juu, ndege wakachoka nazo.
Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Sisi hatuili hata, punje tatu kwenye uji wa mgonjwa, basi,
na ndiyo iliyotuwasha mpaka kwenye uboho.

Wakapanda duriani.

Sasa bei imerudi,
mgeni aliyekuta mlango umefungwa na majirani hawajui.
Malori yanakuja matupu, yanazunguka, yananunua maboga.

Jana alifika Siu Blơh, kutoka kijiji cha Wajrai ng'ambo ya kijito,
gunia moja nyuma ya pikipiki.
Mimea yake haijafika arobaini, imepanda misufi iliyo hai.
Zamani tulimcheka.
Nikamwambia, kumbe uliona mbali.
Akasema, "Mbali wapi? Sikuwa na pesa ya saruji."

Kilo arobaini na mbili.
Nikaanza kushona, akanishika mkono:
nusu kilo irudi, mkewe anaitaka
atwange na chumvi na majimoto wa mti wa nyuma.
Nikaichota. Harufu ikapanda, mbwa akapiga chafya.

Simu ikalia.
"Zinapanda au zinashuka, Dada?"
"Arobaini na moja na nusu."
"Tani?"
"Kilo."
Nikasikia feni ya ofisi yake ikizunguka.

Jioni Quyền akaja, hakutaka kukaa.
Miduriani yake ina miaka mitano,
imetoa maua ya kwanza juma hili.
Alilitazama gunia kwa muda mrefu
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.
"Yule mzee," akauliza,
"anauza vipando?"